Lipa Ada Hata Ndege Ikiwa Bandani

Ndugu msomaji, kama wewe ni mwanachama wa klabu yoyote, iwe ya mpira, ya kuogelea, ya kwaya, ya taarabu au ya mashua, wito huu unakuhusu. Nitaupitisha kwa watu ambao huenda hujawahi kukutana nao: wanachama wa klabu za glaida za Uingereza, na jinsi janga la UVIKO-19 lilivyoingia hadi kwenye sanduku lao la fedha. Nimewachagua wao kwa sababu hesabu yao ni rahisi kuiona. Ndege isiporuka, pesa haiingii, ilhali bili zinaendelea kuja palepale.

Glaida ni ndege isiyo na injini. Ina mabawa marefu na membamba, na haiwezi kupaa bila kuvutwa. Ikishafika juu na kuachiwa, rubani hutafuta hewa yenye joto inayopanda kutoka ardhini, ile ile wanayoitumia tai, akazunguka ndani yake na kupanda nayo. Siku ikiwa nzuri anaweza kukaa angani saa tano na kwenda mamia ya kilomita bila kuchoma hata tone la mafuta.

Lakini kumfikisha huko juu si kazi ya mtu mmoja. Winchi huwekwa mwisho wa uwanja, kama kilomita moja kutoka ilipo ndege, na kebo ndefu hulazwa kwenye nyasi. Mmoja anaendesha winchi. Mwingine anachomeka pete ya kebo kwenye ndoano iliyo chini ya ndege. Mwingine anashika ncha ya bawa ili lisiguse ardhi, na ndege ikianza kwenda hukimbia nayo hatua chache kabla ya kuiachia. Yuko anayetazama angani kama kuna ndege nyingine inayotua, yuko anayeandika saa daftarini, na yuko anayesubiri kwenye gari ili airudishe kebo. Chini ya dakika moja ndege imepita futi 1,000. Wote hao kwa kawaida ni wanachama, na aliyeshika bawa asubuhi ndiye atakayeshikiwa bawa mchana.

Utaratibu huu wa kusaidiana ndio uliouzaa mchezo wenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles uliwabana Wajerumani katika ndege za injini, na vijana wao wakageukia ndege zisizo na injini. Mwaka 1920 walifanya mashindano yao ya kwanza kwenye kilima cha Wasserkuppe, katika milima ya Rhön. Uingereza nayo iliunda shirikisho lake, British Gliding Association, mwaka 1929, na London Gliding Club, ambayo leo iko chini ya vilima vya Dunstable, ikaanza mwaka uliofuata. Leo nchi hiyo ina klabu za aina hii zipatazo 80. Kubwa chache zina waajiriwa. Nyingine nyingi ni za wanachama wenyewe, wanaokata nyasi, wanaotengeneza trela na wanaopika chai kwa zamu.

Sasa tufungue daftari la mweka hazina. Upande wa mapato kuna ada ya mwaka ya wanachama, kuna malipo ya kila kurushwa na ya dakika za kuruka, kuna kodi ya kuegesha trela za glaida za watu binafsi, na kuna wageni. Hao wageni ni watu wa kuja mara moja, pengine kwa zawadi ya siku ya kuzaliwa, wakarushwa na mwalimu kwa safari ya kuonja. Upande wa matumizi kuna bima, kodi ya uwanja, kodi ya majengo, ukaguzi wa lazima wa kila ndege, marekebisho ya winchi na ya ile ndege ya injini inayokokota glaida, umeme, na mikopo ya ndege zilizonunuliwa miaka iliyopita.

Ukiutazama upande huo wa pili utaona kwamba sehemu kubwa yake haitegemei kuruka. Bima inalipwa ndege ikiwa hewani au bandani. Mwenye shamba anataka kodi yake hata nyasi zikikaa bila kukanyagwa. Cheti cha ukaguzi kinaisha tarehe yake kinapoisha. Mafuta ya winchi ndiyo yanayopungua pale shughuli zinaposimama, na mafuta ya winchi hayakuwa tatizo la mtu.

Na janga lilifika katika wiki mbaya kuliko zote. Kwa klabu ya glaida Ulaya, baridi ni msimu wa kutoa pesa: ndege zinafunguliwa, zinakaguliwa, zinapakwa rangi, siku za kuruka ni chache. Mapato huanza kurudi majira ya kuchipua, jua linapoanza kupasha ardhi moto. Tarehe 23 Machi 2020 waziri mkuu Boris Johnson aliwatangazia Waingereza wabaki majumbani. Klabu zilikuwa zimemaliza kulipa mafundi, akaunti zimekauka, na msimu wa mavuno ulikuwa ndio kwanza unabisha hodi. Viwanja vikafungwa.

Kulikuwa na shimo jingine lisiloonekana haraka. Vocha za safari za kuonja huuzwa sana kabla ya Krismasi. Pesa yake huingia Desemba, na mara nyingi huwa imekwisha kutumika kwa matengenezo kabla ya Aprili. Katika hali ya kawaida hilo si tatizo, maana mgeni anakuja kiangazi, anarushwa, deni limekwisha. Mwaka 2020 mgeni hakuweza kuja. Vocha aliyokuwa nayo mkononi ikawa ni ahadi ambayo klabu inadaiwa, na fedha iliyolipwa kwa ahadi hiyo haikuwepo tena. Kuongeza muda wa vocha kulisogeza deni mbele tu. Mweka hazina aliyekuwa akihesabu pesa za vocha kama mapato aligundua kwamba kumbe alikuwa akila mbegu.

Katikati ya Mei masharti yalilegezwa kwa upande wa England, na marubani wenye uwezo wa kuruka peke yao wakaanza kurudi. Hapo ndipo mgawanyiko ulipojitokeza. Ndege ya kufundishia, kama ile ASK 21 inayoonekana katika klabu nyingi duniani, ina viti viwili, kimoja mbele ya kingine. Mwalimu anakaa nyuma, na kisogo cha mwanafunzi kiko karibu kiasi cha kuguswa. Umbali wa mita mbili ndani ya ndege hiyo haupatikani. Mafunzo yakasubiri na wageni wakasubiri, na hao ndio walioleta pesa ya ziada. Hata rubani aliyefuzu, akikaa miezi bila kuruka, anatakiwa kwanza arushwe na mwalimu kabla ya kuachiwa peke yake. Klabu ilikuwa na ndege, ina uwanja, ina jua, na bado haikuweza kuuza kile watu walichotaka kununua.

Usafi nao ulikuja na bili yake. Kila rubani huvaa parachuti ya dharura, na katika klabu parachuti hizo huvaliwa kwa zamu. Mikanda, usukani na vitufe vya redio vilipaswa kufutwa kila baada ya safari. Lakini dawa ya mikono yenye alkoholi, ambayo wakati ule ilikuwa kwenye kila mlango, haifai kugusa kifuniko cha kioo cha glaida. Kifuniko hicho si kioo cha dirisha. Ni plastiki ya akriliki, na alkoholi huifanya ipate nyufa ndogo ndogo ambazo haziondoki. Kukibadilisha ni gharama kubwa. Kwa hiyo hata kufuta ndege kulihitaji mtu aliyefundishwa, na mtu huyo mara nyingi alikuwa mstaafu mwenye umri ambao serikali ilikuwa ikimsihi abaki nyumbani.

Serikali ilisaidia, na ni haki kulisema hilo. Ilibeba asilimia 80 ya mishahara ya waajiriwa waliosimamishwa kazi kwa muda, hadi pauni 2,500 kwa mwezi. Ilitoa ruzuku za pauni 10,000 na 25,000 kwa biashara ndogo, kufuatana na thamani ya majengo katika daftari la kodi. Kuanzia tarehe 4 Mei 2020 kulikuwa na mkopo wa dharura hadi pauni 50,000, usiolipwa chochote kwa miezi 12 ya kwanza. Shirika la Sport England nalo lilitangaza pauni milioni 195 kwa ajili ya michezo, na ndani yake fungu la dharura kwa klabu za jamii.

Lakini misaada hiyo iligawanywa kwa vigezo, na vigezo havikuwaona wote sawasawa. Klabu inayoendeshwa na watu wa kujitolea haina mishahara, basi msaada wa mishahara haukuigusa. Klabu isiyo na jengo katika daftari la kodi ilikosa mlango wa ruzuku ile. Aliyekuwa na usajili, katiba, hesabu za mwaka uliopita na akaunti ya benki yenye jina la klabu ndiye aliyeweza kujaza fomu siku ile ile. Na mkopo, hata ukiwa wa masharti nafuu, ni mkopo: atakayeulipa ni mwanachama wa kesho.

Kilichobaki ni ada. Tufanye hesabu ya mfano. Klabu ina wanachama 100, na kila mmoja analipa pauni 400 kwa mwaka. Hizo ni pauni 40,000, na tuseme zinatosha bima, kodi na ukaguzi, basi. Wanachama 30 wakisema, "Mwaka huu siruki, kwa nini nilipe?", pengo ni pauni 12,000. Bima haitapungua kwa sababu yao. Pengo hilo litawaangukia 70 waliobaki, ada itapanda, na wengine 10 watatoka. Klabu inaweza kufa kwa njia hiyo bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Kila mmoja anakuwa amefanya uamuzi wenye akili kwa mfuko wake, na jumla ya akili zao inauza ndege.

Ndiyo maana katika miezi ile viongozi wa klabu walitumia muda mwingi kuwaandikia na kuwapigia simu wanachama. Zipo zilizopunguza ada, zipo zilizosogeza mbele tarehe ya kulipa, na zipo zilizowaomba wanachama waache ada yao ibaki kama ilivyo, huku wakipewa hesabu kamili ya kila pauni inakokwenda. Mwanachama aliyekubali alilipia mwaka ambao hakupata hata nusu yake. Wala hakulipia kitu hewa: alilipia kuwepo kwa uwanja atakaourudia. Na kurudi kwenyewe kulikatizwa tena. England ilifungwa mara ya pili Novemba 2020 na mara ya tatu Januari 2021, na michezo ya nje haikuruhusiwa tena hadi tarehe 29 Machi 2021. Aliyedhani anasaidia kwa wiki chache alijikuta anasaidia kwa mwaka mzima.

Ujerumani, yenye marubani wengi wa glaida kuliko nchi yoyote, ina desturi inayofaa kutajwa hapa. Katika klabu zake nyingi mwanachama hudaiwa pesa na saa za kazi. Wakati wa baridi anaingia karakana, anapiga msasa bawa, anapaka mafuta trela, na saa alizokosa kuzifanya anazilipia. Walimu nao kwa kawaida hujitolea. Mtu aliyepitisha baridi tatu akilihudumia bawa lile haondoki klabuni kwa sababu ya msimu mmoja mbovu.

Sasa nirudi kwetu. Mchezo wa kuruka si mgeni kabisa Afrika Mashariki: Aero Club of East Africa iliyoko uwanja wa Wilson, Nairobi, ilianzishwa mwaka 1927, na Mweiga, karibu na Nyeri, pamewahi kuwa na klabu ya glaida. Hata hivyo wengi wetu hatutashika bawa la glaida maishani, na wito huu hautaki tuanze. Tunazo klabu zetu, na janga lile lile lilizipiga. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Kenya tarehe 13 Machi 2020, Tanzania tarehe 16. Ligi Kuu ya Tanzania Bara ilisimama mwezi huo na kurejea Juni. Nairobi ilifungwa watu wasiingie wala kutoka tangu tarehe 6 Aprili hadi mapema Julai. Timu kubwa zina wadhamini. Lakini timu ya mtaa, kikundi cha ngoma, kwaya inayokodi ukumbi, chama cha wanawake kinachonunua maturubai na viti vya misiba kwa pamoja, hivyo havikuwa na mdhamini. Vilikuwa na ada tu, na ada ndiyo huwa ya kwanza kukatwa mambo yanapokaza.

Kwa hiyo nakuomba, ndugu mwanachama, ulipe ada yako ya mwaka huu kabla hujaulizwa. Ilipe hasa kama mwaka huu hukufika mazoezini, kwa sababu wewe ndiwe ambaye mweka hazina anaona aibu kukukumbusha. Kama kazi imekwisha na mfuko umetoboka, usipotee kimya kimya wala usiondoke kwenye kundi la simu usiku. Nenda kwa mwenyekiti useme hali ilivyo. Omba upunguziwe au upewe muda, na utoe mikono yako: fagia ukumbi, osha jezi, beba spika. Klabu inamhitaji mtu huyo kuliko inavyohitaji ada yake.

Nanyi viongozi, fungueni daftari. Mwanachama hakatai kutoa. Anakataa kutoa asikokujua. Kila robo ya mwaka bandikeni ukutani au tumeni kwenye kundi karatasi moja yenye mistari mitatu: tulichopokea, tulichotumia, tulichobakiza. Sajilini chama, andikeni katiba fupi, fungueni akaunti yenye jina la chama badala ya jina la katibu. Siku msaada utakapotangazwa, na siku hiyo huja ghafla, fomu haitawasubiri mtafute mihuri.

Nawe mweka hazina, jiulize swali moja: tukifunga milango miezi sita, ni nini tutalazimika kulipa kila mwezi? Andika kodi, bima, mlinzi, mkopo. Jumlisha, zidisha mara sita. Hiyo ndiyo akiba mnayoitafuta, na hata mkiifikia baada ya miaka mitano bado mmefanya vema. Akiba haiozi. Kisha angalia kama ada za wanachama peke yake zinabeba gharama hizo zisizokoma. Kama zinabebwa na wageni, na tikiti za mechi au na harusi mnazokodisha ukumbi, mjue mmesimama kwenye kitu ambacho tangazo moja la serikali linaweza kukizima. Na pesa iliyolipwa kwa huduma ambayo bado hamjaitoa, iwekeni pembeni hadi muitoe.

Kwa halmashauri na kaunti zetu naomba jambo dogo. Mnapopanga misaada ya dharura, msivisahau vikundi visivyo na waajiriwa. Havina orodha ya mishahara ya kuwaonyesha, lakini vina vijana kila Jumamosi ambao bila vikundi hivyo wasingekuwa na pa kwenda.

Na kwenu mlioko Uingereza, Ujerumani au kokote Ulaya: yumkini kuna uwanja wa glaida karibu na mnapoishi. Nendeni siku moja ya kiangazi na watoto wenu. Lipieni safari ya kuonja, ulizeni maswali, shikeni bawa mkiruhusiwa. Pesa hiyo inaingia moja kwa moja kwenye bima na ukaguzi wa ndege zile, na watoto watajionea jinsi mtu mmoja anavyorushwa na watu sita.

Janga jingine litakuja, au mafuriko, au ukame, au kodi ya ukumbi itapanda maradufu. Klabu itakayokuwepo baada ya hapo ni ile ambayo wanachama wake waliilipia katika mwaka ambao haikuwapa kitu. Kama bado hujalipa ya mwaka huu, mpigie mweka hazina wako leo.